Jambo Lililopewa Mkono

Katika nyumba ile ugomvi ulikuwa na mwisho wake. Watu wakishasikilizana na kupeana mikono, jambo limefungwa, na hapana mwenye ruhusa ya kulifungua tena, awe mkubwa awe mdogo. Aliyeteleza ulimi akalitaja aliosha vyombo vya nyumba nzima juma zima. Marehemu baba mwenye nyumba aliwahi kusugua masufuria akiwa na tai shingoni, kwa kosa la kumkumbusha mkewe shati aliloliunguza kwa pasi, na majirani wakaja kumchungulia dirishani kama wanaotazama sinema.

Aliyeileta desturi hiyo alikuwa Mama. Kule alikozaliwa, ugomvi wa zamani uliandaliwa mezani pamoja na chakula, na ndugu walinuniana mpaka wakazikana. Alipoolewa akaapa kwamba kwake haitakuwa hivyo. "Yaliyopita si ndwele," alikuwa akisema, na hapo hunyamaza. Nusu ya pili ya methali, ile ya kuganga yajayo, aliiona inajisemea yenyewe.

Sasa alikuwa mjane, na nyumbani walibaki wawili tu, yeye na mwanawe wa pekee. Watu walimwita huyo mwana Fundi, na walimwita kwa haki. Nyuma ya hospitali, katika chumba chenye vumbi jeupe la plasta, alitengeneza miguu ya bandia. Alichukua umbo la kigutu kwa plasta, akalichonga kwa tupa, akalivika plastiki iliyolainishwa kwenye oveni, na mguu ukishaungwa humwambia mwenyewe: "Simama. Usinifurahishe mimi. Panapouma, sema." Wengi huona haya kumwambia fundi kwamba panauma. Yeye aliwasubiri, mikono mfukoni, mpaka waseme.

Mkewe alikuwa muuguzi, na mwaka wa pili sasa alikuwa kazini ng'ambo, pamoja na binti yao ambaye kwa wingi wa maneno walimpa jina la Chiriku. Kila Jumapili Chiriku alijaa kwenye kioo cha simu, pua ikitangulia, akataka kujua kama baba bado ana masharubu. Hospitali ya huko nayo ilikuwa na karakana ya miguu, na mkono wa kazi haukutosha. Muuguzi akamsifia mumewe, mkuu wa karakana akataka picha, kisha akataka kuongea naye, kisha akaandika kwamba njoo. Ilibaki viza ya kazi.

Mama aliitaka viza hiyo kuliko hata mwenyewe. Alijua kwamba mwanawe akiondoka atabaki na redio na paka, naye alishazoea wazo hilo kama mtu anavyozoea kiatu kipya, kwa kukivaa kidogo kidogo. Mwanamume kulala mbali na mkewe na mtoto wake, alisema, ni chungu kukaa mbali na mafiga. Hakuna kitakachoiva.

Fundi alijaza maombi mezani nyumbani, kwenye kompyuta aliyoazimwa kazini, Mama akichambua mchele upande wa pili. Alikuwa akisoma maswali kwa sauti na Mama akijibu kama ndiye anayesafiri.

"Umewahi kufungwa jela?"

"Na nani? Labda mimi ndiye niliyekufunga, ulipovunja kioo cha jirani."

"Una ugonjwa wowote wa kuambukiza?"

"Kununa. Umeurithi kwa babu yako."

Fundi akacheka, akabonyeza, akasoma linalofuata. "Umewahi kubaki katika nchi yetu, au nchi nyingine yoyote, baada ya muda wa kibali chako kuisha?"

Kicheko kikakatika. Akainua macho akamtazama mama yake, na Mama akaacha vidole ndani ya mchele.

Ilikuwa zamani, kabla Fundi hajaoa. Huko huko ng'ambo alikuwa akiishi shangazi yake, dada wa pekee wa baba. Baba alipofariki, shangazi hakuja kumzika ndugu yake, wala hakueleza sababu, na Mama akaapa kwamba hana wifi tena. Ugomvi huo haukupewa mkono kwa kuwa mkono haufiki ng'ambo. Siku nyingi hazikupita, Fundi akaomba kibali cha matembezi akaenda kumwona. Aliahidi kurudi kabla ya mwezi kwisha, akarudi baada ya miezi mingi, kibali kimekufa zamani, shangazi naye kaburini. Mpakani afisa alimtoza faini, akagonga muhuri, akampa mkono kupitia dirisha la kibanda, akasema, "Pole kwa msiba. Sisi na wewe tumemalizana." Nyumbani alimkuta Mama amekasirika, kwa maana nafasi yake ya kazi ilikuwa karibu kupewa mtu mwingine, na kwa maana amemwacha mama yake ili akamkalie yule. Walizozana siku mbili. Siku ya tatu wakapeana mkono, na safari yote ikazikwa, na jina la shangazi ndani yake.

"Mbona waniangalia?" Mama akauliza. "Hilo si lilikwisha?"

"Lilikwisha, Mama."

"Ulilipa?"

"Nililipa."

"Mkono mlipeana?"

"Tulipeana."

"Basi andika hapana, tuendelee. Mchele huu una mawe kuliko barabara ya kwenda sokoni."

Fundi akabonyeza hapana. Haikuwa hila. Aliibonyeza kwa moyo mweupe, kama mtu aliyeulizwa kama kuna moto jikoni, naye ameshaumwagia maji.

Fundi alipoitwa kwa mahojiano, Mama alisema lazima aende naye, anataka kuisikia habari njema kwa masikio yake. Foleni ya ofisi ile huanza alfajiri. Mtu mmoja aliyeitwa Dereva, ingawa basi lake lilishagonga ukuta na kumwachia mguu mmoja, alidamka akawashikia nafasi bila kuombwa. Walipofika wakamkuta ameegemea ukuta, mguu aliotengenezewa na Fundi ukiwa mbele kama wa askari.

"Nimesimama hapa kwa mguu wako," akamwambia Fundi, "wa kwangu umechoka zamani. Lakini nakuambia ukweli, naomba wakunyime. Ukienda, nani atanikaza skrubu?"

"Mdomo wako ungekazwa kwanza," Mama akasema, na wote watatu wakacheka. Alimwekea Dereva sambusa mbili kwenye karatasi, na akaliweka tendo lake moyoni. Watu wa kumdamkia mtu mwingine ni wachache.

Ndani palikuwa na madirisha ya vioo na mabenchi ya chuma yaliyofungwa sakafuni. Mama aliketi benchi la mbele, hatua chache tu nyuma ya mwanawe, akasikia kila neno. Afisa wa dirishani alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua. Aliomba radhi kwa mafua yake kabla ya kuanza, na Mama akampenda kwa hilo.

"Weka vidole vyako hapa, kaka. Vinne kwanza. Sasa gumba."

Mashine ikawaka kijani. Afisa akasoma kioo chake, akapenga kamasi taratibu, akasoma tena.

"Umeandika kwamba uliwahi kuja kwetu kutembea. Ulifuata nini?"

"Kumwona shangazi yangu. Nikamkuta anaumwa."

"Pole. Ukatoka lini?"

"Nilitoka baada ya msiba."

"Kibali kikiwa hai?"

"Hilo lilikwisha, dada yangu."

"Lilikwisha vipi?"

"Nililipa faini mpakani. Afisa mwenyewe alinipa mkono. Akasema tumemalizana."

"Najua ulilipa, naiona hapa faini yako." Hakuwa na ukali. "Pasi yako ni mpya, lakini vidole ni vilevile. Mimi sikuulizi kama ulilipa. Nakuuliza kwa nini uliandika hapana."

Mama aliona shingo ya mwanawe ikiingia mabegani, kama alipokuwa mdogo na kioo cha jirani kimevunjika. Ilikuwa rahisi kwake kusema ni mama aliyeniambia. Alikuwepo pale pale, hatua chache, shahidi mwenye mkoba mapajani.

"Nilibonyeza mwenyewe," Fundi akasema.

Mama akasimama. Mlinzi akanyoosha mkono kumzuia, kisha akautazama uso wake, akaushusha mkono na kugeukia mlangoni kana kwamba ameitwa.

"Mwanangu," Mama akamwambia afisa, "ni mimi. Nyumbani kwangu jambo likipewa mkono halitajwi tena. Ndivyo nilivyomlea. Alikuwa ananitii."

Afisa hakumfukuza. Alisogeza uso karibu na matundu ya kioo ili Mama asilazimike kupaza sauti.

"Mama, nakuamini. Na nitakwambia kitu kwa kuwa sipendi mtu aondoke hapa na matumaini ya bure. Angeandika ndiyo, akaeleza kwamba alikuwa anamuuguza mtu mpaka akamzika, wapo waliokubaliwa kwa maelezo kama hayo. Mimi mwenyewe ningemwandikia neno zuri. Lakini yeye amesema hapana na vidole vyake vimesema ndiyo. Wakubwa zangu hawatauliza aliuguza nani. Watasema ni mwongo."

"Kwani kwenu hakuna kusamehe?"

"Kupo, mama. Ila sisi tukisamehe tunaandika."

Akawapitishia karatasi laini ya kufutia machozi kwenye tundu la chini, moja ya Mama, akajikatia moja ya pua yake. Jibu, alisema, litakuja kwenye simu.

Lilikuja siku ya kazi, saa ya mchana. Mama alikuwa amempelekea mwanawe chakula karakanani, akamkuta amepiga magoti mbele ya mwalimu mmoja mstaafu, anamjaribishia mguu mpya. Simu ikalia mfukoni mwa aproni. Fundi akaisoma akiwa bado amepiga magoti, akairudisha mfukoni, akachukua tupa akaendelea kulainisha ukingo wa plastiki. Mwalimu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika vyuma vya pembeni, anangoja. Hakuweza kumwacha hivyo.

"Simama sasa. Usinifurahishe mimi. Panauma?"

"Hapo ndani kidogo."

"Asante kwa kusema," Fundi akajibu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mama akaweka chakula juu ya meza ya plasta. Alikuwa ameshajua. Mwanawe alipofurahi tangu utotoni alikuwa akidondosha vitu, na leo tupa ilikuwa imetulia mkononi kama msumari ukutani.

Wamemnyima, na wamesema asiombe tena kabla ya miaka mitano. Chiriku alikuwa na miaka sita.

Waliporudi nyumbani jioni, jua likiwa bado kwenye mapazia, Fundi alinawa plasta mikononi, akaja sebuleni akasimama mbele ya mama yake. Akamnyooshea mkono.

"Tulifunge hili, Mama. Hukunikosea. Nisije nikakuona unalibeba."

Mama aliutazama mkono ule. Ulikuwa na plasta kwenye nyufa, isiyotoka hata kwa sabuni. Alijua vizuri mwanawe anampa nini. Akiushika, hakuna mtu katika nyumba ile atakayemwambia neno mpaka anaingia kaburini. Zawadi kubwa namna hiyo hajawahi kupewa.

"Sitaushika," akasema.

"Mama."

"Kaa chini, baba. Nikiushika tutalinyamazia, kama tulivyonyamazia lile, na kunyamaza kwetu ndiko kulikotufikisha hapa. Mpigie mkeo. Ni saa ya kutoka zamu. Mwambie yote, tangu shangazi yako."

"Yeye hajui habari ya shangazi. Anajua alifariki, basi."

"Ndiyo maana nakwambia umpigie."

Akampigia. Muuguzi alikuwa bado na sare yake, ameketi kitandani, viatu mkononi. Fundi alieleza vibaya, akianzia katikati, akarudi nyuma, akaruka. Mkewe hakumkatiza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Ulikaa huku miezi yote hiyo?"

"Nilikaa."

"Mji huu huu?"

"Mtaa wa pili kutoka hospitali yenu."

Muuguzi akaweka viatu chini. "Mimi napita hapo kila siku na mtoto. Kila siku napita mahali ulipomuuguza shangazi yako, na mimi sijui." Akafuta uso kwa kiganja. "Na fomu ni zile zile nilizojaza. Mimi niliwahi kunyimwa viza kule kwingine, kabla hatujajuana, nikaandika ndiyo, nikaeleza, wakanipa. Ungeniuliza tu. Ungesema mke wangu, hapa naandika nini."

"Jambo lilikuwa limefungwa."

"Limefungwa na nani? Mimi nilipeana mkono na nani?"

Mama akasogea kwenye simu.

"Mkwe wangu, nigombeze mimi. Ni mimi niliyemwambia aandike vile."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Gomba."

"Mama, mficha maradhi..." Muuguzi akaanza, kisha akafumba mdomo, akaangalia pembeni. Mama alikijua kilichobaki cha methali ile, kila mtu anakijua. Akaihesabu kuwa ni heshima, kukatiziwa neno linalomchoma mtu ambaye tayari anaungua.

"Siwezi kurudi," Muuguzi akasema baadaye, alipoweza. "Nataka mjue hivyo, msije mkanisubiri. Mkataba wangu bado. Nikiuvunja, na mimi nitaandikwa, na hapo hatutakuwa na mtu hata mmoja anayeweza kwenda popote. Mtoto ameshazoea shule. Tutakuja likizo, nikipewa."

"Ni sawa," Fundi akasema.

"Si sawa. Usiseme ni sawa. Sema ni mbaya."

"Ni mbaya, mke wangu."

Chiriku akaingia kwenye kioo bila kualikwa, pua ikitangulia kama kawaida yake.

"Baba, unakuja na ndege au na basi?"

"Siji, mama yangu."

"Kesho?"

"Hata kesho."

"Lini basi?"

Fundi akamtazama mama yake, na Mama hakumpa neno. Safari hii alimwachia.

"Mpaka uwe mkubwa mkubwa hivi," akasema, akipima hewani kwa mkono, karibu na bega. "Nilikosea kuwajibu watu swali, wakakasirika."

Chiriku akafikiri. "Si uwajibu tena?"

"Hawataki tena."

"Aa." Akaomba akamwonyeshe mama yake soksi zilizotoboka. Simu ikakatika.

Nje majirani walikuwa wanaanua nguo. Fundi alibaki kwenye kiti chake, viganja juu ya magoti, kama wagonjwa wake wanaosubiri kuitwa. Mama aliingia jikoni, akajifanya ana kazi, akatoka bila kitu mkononi. Akaketi karibu naye.

"Shangazi yako," akasema. Jina hilo lilikuwa zito kinywani mwake, kama sufuria iliyojaa maji. "Alikufa vipi?"

Fundi akageuka. "Unataka nikwambie?"

"Nataka."

Akaanza. Alimkuta shangazi hawezi kujigeuza. Hakuwa na mtu, ila mama mmoja wa chumba cha jirani aliyekuwa akimletea uji, na yeye pia mgonjwa wa miguu. Fundi alijifunza kumwosha. Alijifunza kumgeuza upande kwa shuka ili mgongo usichubuke, na hapo, alisema, ndipo mikono yake ilipojifunza kuujua mwili wa mtu mahali unapouma. Muda wa kibali ulipokwisha alikwenda mpaka kituo cha mabasi na begi lake, akarudi.

"Alikuwa ameanza kuumwa kabla ya msiba wa baba," akasema. "Ndiyo maana hakuja. Wakati ule alikuwa hospitalini, amelazwa. Alikataza msiambiwe. Alisema una msiba wako, hataki akuongezee na wake."

Mama alishika ukingo wa kiti.

"Mwisho mwisho akawa hajui saa wala siku. Ila kila alasiri aliniuliza, wifi yangu amefika? Namwambia yuko njiani, shangazi. Siku moja akaniambia nisogeze kiti karibu na kitanda, asije akafika amechoka akakosa pa kukaa. Nikakisogeza. Kilikaa pale mpaka mwisho. Watu waliokuja kumwona nilikuwa nawaambia wakae kwenye ndoo."

"Ulirudi na maneno hayo?"

"Nilirudi nayo. Siku mbili tukagombana, sikupata pa kuyaweka. Ya tatu ukanipa mkono."

Paka alipita katikati yao, akaenda zake. Mama alikuwa akilia bila sauti, kama wanavyolia watu wazima waliozoea kulea, na mwanawe akamwacha alie, hakumwambia basi. Alimsogelea tu, bega likagusana na bega.

"Kiti kilikuwa cha namna gani?" Mama akauliza hatimaye.

"Cha mbao. Kifupi. Aliniambia nikitandikie kanga yake."

"Niambie na mengine," Mama akasema. "Usiruke kitu."